Injinia Ridhwan na tiara namba 63

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatano, Injinia Ridhwan Borafya anashuka kwenye nguzo ya umeme nje kidogo ya Paje, mfuko wa salfeti unaning'inia kiunoni. Umeme wa njia hii umeshazimwa, hakuna cha kuogopa, lakini anashuka taratibu mno. Chini yuko mwenzake, Haitham, ameshika kamba na kukaza macho juu, shati limeshaanza kulowa jasho.

"Umepata?" anauliza Haitham.

Ridhwan anafika chini, anavua glavu, anafungua mfuko na kumwaga vilivyomo juu ya jiwe. Vinatoka vitu vitatu. Kiota cha kunguru, kimejengwa kwa vijiti na vipande vya waya wa kufungia nondo. Kunguru mwenyewe, amekufa, bawa moja limeungua. Na tiara, hii ambayo wengine mnaiita kishada, ya karatasi ya kaki, imechanika ubavuni na mkia wake umejisokota ndani ya kiota.

Haitham anaangua kicheko. "Leo tumewakamata wawili kwa mpigo! Kunguru na mtoto mtundu."

Ridhwan hacheki. Anaigeuza tiara kwa kidole kimoja mpaka pembe ya chini inaonekana. Pameandikwa kwa wino wa bluu: 63.

"Si mtoto," anasema. "Hii yangu."

Mimi nilikwenda Paje kuandika habari za kunguru. Mhariri alitaka ukurasa mzima: wanavyoiba vifaranga, wanavyochafua mabati ya watu, wanavyojenga viota vya waya juu ya nguzo. Injinia Ridhwan alikuwa awe mtaalamu wangu, nimnukuu mara mbili tatu halafu nirudi zangu mjini. Sasa mtaalamu amekaa juu ya jiwe, tiara mkononi, anamwuliza mwenzake swali.

"Sasa mie naandika nini?"

Swali hilo, msomaji, si dogo. Kila umeme unapokatika kwenye njia hizi hujazwa fomu, na fomu ina mstari mmoja tu wa chanzo. Safari hii iliyozimika ni pampu ya maji. Ilizimika Jumatatu alfajiri, baada ya manyunyu, na kaya mia moja na arubaini zikakaa siku mbili nzima bila ya tone la bomba, huku mafundi wakiifuata njia ya nyaya kwa miguu, nguzo baada ya nguzo, ndani ya vichaka na mawe makali.

Kama chanzo ni kunguru, fomu inajazwa, inafungwa, watu wanakwenda kunywa chai. Kama chanzo ni tiara, mwenye tiara anatafutwa. Na kanuni ya kampuni anayofanyia kazi Ridhwan haina mzaha: mfanyakazi akisababisha hitilafu kwa uzembe wake, ananyang'anywa kibali cha kupanda nguzo. Injinia wa njia za umeme asiye na kibali hana kazi pale. Fomu ilitakiwa ofisini kesho yake, kabla ya adhuhuri.

"Yakhe, andika kunguru," Haitham alimwambia, sauti chini, kana kwamba kunguru aliyekufa anasikia. "Kunguru hana wakili."

Ridhwan akakirudisha kila kitu ndani ya mfuko. Ilipofika saa sita mchana umeme ulisharudi, pampu ikavuma, na wanawake wa kijijini wakaanza kupanga ndoo bombani. Yeye hakwenda kuangalia.

Ana miaka arubaini na moja na shahada ya uhandisi wa umeme aliyoisomea Dar es Salaam. Kwa miaka kumi na miwili ameajiriwa na kampuni ndogo ya kandarasi inayotunza nyaya za pampu za maji upande wa kusini wa Unguja. Kampuni imeomba isitajwe, nami nimeikubalia. Kazi yake ni kujua kwa nini. Taa zikizima, pampu ikikwama, fyuzi ikiruka, watu wote wanamgeukia yeye wakisubiri sababu, na siku zote anayo.

"Miaka kumi na miwili sijawahi kuandika fomu nikiwa na shaka," aliniambia tukiwa njiani kurudi mjini. "Wala moja. Wallahi leo ndiyo ya mwanzo."

Anakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya mawe aliyorithi mkewe pamoja na ndugu zake. Unapanda ngazi arubaini na mbili, pumzi inakwisha, halafu unatokea juu ya sakafu, paa la wazi la nyumba, upepo unakupiga usoni, na mbele yako zimetundikwa tiara. Nilizihesabu zikafika kumi na tisa, nikaacha.

Alianza utotoni kama watoto wote wa mtaani, kwa chelewa za mnazi, gazeti kuukuu, na uji mzito wa ngano badala ya gundi. Wenzake waliacha walipoota ndevu. Yeye hakuacha. Siku hizi anapasua mianzi, anaichonga kwa kipande cha kioo, anapima bawa la kulia na la kushoto kwa mizani ndogo ya sonara hadi yalingane. Kila tiara ina namba na ukurasa wake daftarini: uzito, upepo, urefu wa uzi, ilivyoruka, ilivyoanguka.

"Kazini nnashughulika na kitu nisichokiona," anasema. "Umeme huuoni, unaona uharibifu wake tu. Tiara unaiona. Ikikosea unaiona inavyokosea, unaishusha, unatengeneza, unairusha tena. Nafsi inatulia."

Na tiara zake zinalia. Juu ya kila moja amevuta utepe wa kanda ya kaseti, ule wa kahawia, kutoka bega hadi bega. Upepo ukiupiga, unavuma. Akiukaza, sauti inakuwa nyembamba. Akiulegeza, inakuwa nzito. Kaseti kuukuu ananunua Darajani kwa wauza vitu vilivyotumika, na wauzaji wanamjua, wanamwekea zile zilizokatika kwa kuwa hazichezeki tena.

Karatasini nako anachora. Hachori maua wala nyota. Anachora njia za umeme za kisiwa, mstari kwa mstari, kila nguzo kidoti cha bluu. Kwenye namba 63 alikuwa ameichora njia ya kusini yote. Niliikunjua pale sakafuni nikafuata vidoti kwa kidole, nikafika kwenye nguzo aliyoishuka asubuhi ile. Nikamwonyesha. Akaitazama hadi nikaona haya kwa kumwonyesha.

"Wanawake wenzangu wanaogopa waume zao wasije wakaoa mke wa pili," anasema Khairat, mkewe, mwalimu wa hesabu, huku akitumiminia chai. "Mie wangu nnamjua alipo. Yuko juu anapima mianzi."

Lakini siku ile hata Khairat hakuwa na raha ya kutania. Alimwuliza mumewe kitu kimoja. "Na ile picha, itakuwaje?"

Picha yenyewe imebandikwa kwenye ukuta wa ngazi, na pia katika skuli tisa za kusini. Inaonyesha tiara iliyonasa kwenye nyaya, imepigwa alama nyekundu ya X, na chini yake: USIRUSHE TIARA KARIBU NA UMEME. Aliyeichora ni Injinia Ridhwan. Aliyezunguka skuli zote tisa kuwaelezea watoto, akiwatolea macho na kuwatisha kidogo, ni Injinia Ridhwan.

Ndiyo maana, anasema, yeye hurushia Paje, ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Kuna mchanga mtupu wa zaidi ya nusu kilomita na hakuna waya hata mmoja. Wageni wanaoteleza baharini kwa miavuli yao mikubwa ya upepo humkuta pale na karatasi yake, wanasimama, wanapiga picha, wanamwuliza ni betri gani inayoifanya ilie.

Jumapili ilipita vizuri mpaka saa kumi na moja jioni. Kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa imeshika. Namba 63 ilikuwa juu, inavuma sauti ya chini aliyokuwa akiitafuta tangu mwezi wa Mfungo Tano, halafu uzi ukalegea mkononi mwake. Fundo lilifunguka. Fundo lake mwenyewe.

"Niliiona ikielekea Bwejuu," anasema. "Nikaitafuta nusu saa kwenye minazi, sikuiona. Nikasema basi, imeshakwenda, nitatengeneza nyingine."

Sasa hapo ndipo akili ya mtu inapoanza kuzunguka. Bwejuu iko kaskazini. Nguzo alipoikuta tiara iko magharibi, kando ya barabara inayokwenda Kitogani, kilomita mbili na zaidi kutoka hapo. Upepo wa Jumapili haukuwa ukienda huko. Au uligeuka. Au tiara iliangukia uwanjani kwa mtu, akaiokota, akairusha tena Jumapili ileile kabla ya magharibi, ikamponyoka na yeye. Au Ridhwan aliona vibaya, jua lilikuwa linamwingia machoni.

Jumatano alasiri alijaribu kuusaka ukweli kwa njia anayoijua. Alitandika gazeti juu ya sakafu, akaleta mita ya kupimia umeme unavyopita, beseni la maji ya bahari, kipande cha utepe wa kaseti na kipande cha kiota. Nilikaa pembeni nikiangalia. Utepe mkavu: mita haikutikisika. Utepe uliochovywa maji ya chumvi: sindano ikanyanyuka kidogo, ikarudi, ikanyanyuka tena. Waya wa kiota: sindano ikaruka moja kwa moja hadi mwisho.

"Basi ni kunguru," nikasema, na sikuficha furaha yangu.

"Kiota kile kina mwezi pale juu," akanijibu. "Mwezi mzima pampu inafanya kazi. Kwa nini kiungue Jumatatu hii?"

"Basi ni tiara."

"Utepe huo mdogo? Kwa manyunyu yale? Labda. Labda tiara ilikivuta kiota kikagusa waya. Labda kunguru aliikimbia tiara akajipiga. Labda kunguru alikufa wiki iliyopita. Haitham anasema ananuka siku tatu, mie nnasema ananuka siku tano. Kila kimoja kati ya hivi kinatosha kuzima pampu, na kila kimoja huenda hakikufanya kitu."

Nikamwambia basi shaka hiyo inamtosha kuachiwa. Hata mahakamani mtu huachiwa kwa shaka. Akaniangalia vibaya.

"Niachiwe na nani? Mie ndiye nnayeandika."

Nakiri kwamba hapo mimi nami nilipotea. Nilikuwa nimeshampenda, tena sana, na nilitaka aandike kunguru. Nilijikuta nnamtetea kwa nguvu kuliko Haitham. Khairat ndiye aliyetunyamazisha sote. "Mwacheni," alisema. "Mkimsaidia nyie, kesho ataniuliza mie kama ni yeye aliyeamua."

Alhamisi saa nne asubuhi aliijaza fomu mbele yangu, ofisini, kwa mwandiko wa kuchapa. Nimeruhusiwa kuunukuu mstari wenyewe, ambao ulizidi mstari na kuingia pembezoni mwa karatasi:

"Chanzo: sijui. Vilivyokutwa juu ya nguzo: kiota cha kunguru, kunguru mmoja aliyekufa, tiara moja. Tiara ni yangu. R. Borafya."

Meneja wake, Bwana Abrahman, ni mtu mpole mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Aliisoma fomu mara mbili. Akawasha kompyuta ili aiingize, akafika kwenye chanzo, kidole kikabaki hewani. Kompyuta ina vyanzo saba vya kuchagua. Namba nne ni ndege. Namba sita ni vitu vya watu.

"Injinia," alisema hatimaye, "kompyuta haina nafasi ya sijui."

"Nnajua."

"Mie nabonyeza nini sasa?"

"Sijui, Bwana Abrahman."

"Si ungeandika kunguru tu, ndugu yangu, tukaenda kunywa chai?"

Hakubonyeza kitu. Aliomba kibali cha Ridhwan, akakitia ndani ya mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo, na akaonekana kuumia kuliko mwenye kibali. Uamuzi wake ni huu: fomu itakaa bila kutumwa mpaka lifanyike jaribio la kujua chanzo. Hadi hapo Ridhwan hapandi nguzo. Hajafukuzwa wala hajasamehewa. Amepelekwa stoo kupanga fyuzi na vikombe vya kushikia nyaya nguzoni kwa ukubwa wake.

Ningeimaliza habari hapa, na mhariri alishaanza kupiga simu. Lakini Ijumaa, baada ya sala, Ridhwan alinipigia na kuniambia anakwenda Paje. Nikamwuliza kufanya nini. Akasema hajui vizuri.

Alikwenda kwa Bi Muzdalifa, mama wa miaka sitini na mbili, mkulima wa mwani, na ndiye anayeshika ufunguo wa tangi la maji la kijiji. Tulimkuta kibarazani na wenzake watatu, wametoka pwani, wanafungua mafundo ya kamba za mwani.

"Shikamoo, Bi Muzdalifa."

"Marahaba, mwanangu. Maji yapo, alhamdulillahi. Umekuja kuyaangalia?"

"Nimekuja kusema kitu."

Akasema. Alisema yote: fundo, Bwejuu, manyunyu, utepe wa kaseti, kiota, waya wa nondo, sindano ya mita. Alichukua kama dakika kumi. Mikono ya kina mama ilisimama juu ya kamba.

"Wewe mtu mzima?" Bi Muzdalifa aliuliza.

"Naam."

"Injinia?"

"Naam."

"Na unarusha tiara?"

"Naam."

Mmoja wa wale kina mama alijifunika kanga usoni, mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko. Bi Muzdalifa hakucheka hata kidogo.

"Jumatatu nimekwenda kisimani safari sita, ndoo kichwani. Jumanne safari sita. Mwenye mkokoteni anataka shilingi mia tano kila dumu, mie ntampa nini? Kisima kile tushakiacha miaka, maji yake ya chumvi-chumvi, ukipikia chai unaitema. Mgongo huu hadi leo nnalala ubavu mmoja. Siku mbili nnamlaani mtu nisiyemjua, kumbe ni wewe!"

"Huenda si mie, Bi Muzdalifa. Huenda ni kunguru. Ndicho nnachokwambia, sijui..."

"Huenda!" Alisimama, kamba ikamwanguka mapajani. "Mgongo wangu hauumwi huenda!"

Ridhwan aliniambia baadaye kwamba hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoyaelewa tangu Jumatano. Watu wote waliokuwa wakimpenda walikuwa wakimpa udhuru, na kila udhuru ulimzidishia kizunguzungu. Pale amesimama, anafokewa mbele za watu, kichwa kimeinama, na anahisi anapumua.

"Basi unataka nifanye nini?" alimwuliza.

"Siku mbili nimechota. Siku mbili na wewe uchote."

"Lakini maji ya bomba yapo."

"Nshajua yapo. Mie nimekwambia uchote."

Na hivi ndivyo ilivyotokea kwamba Jumamosi saa moja asubuhi, katika kijiji ambacho kila bomba linatoa maji, injinia wa umeme mwenye shahada alikuwa akiteka maji kisimani.

Alikuja na mkokoteni wa kuazima. Bi Muzdalifa aliuangalia, akamwangalia yeye. "Mie nilikuwa na mkokoteni?" Mkokoteni ukarudi kwa mwenyewe. Akaja na madumu mawili ya mkononi. Akaambiwa mbona Bi Muzdalifa alichota kwa ndoo, kichwani. Akapewa kata ya kanga aiweke utosini, na ndoo ya lita ishirini, na njia ya dakika ishirini kwenda na ishirini na tano kurudi, mawe matupu.

Safari ya kwanza alifika na nusu ndoo, nyingine yote iko shatini. Kina mama walitoka milangoni. "Injinia, shingo! Kaza shingo!" "Usitazame chini, utazame mbele!" "Muoneni, anapima upepo!" Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akaniuliza kama bomba limekatika tena. Nikamwambia hapana. Akauliza basi huyu anafanya nini. Nikafungua mdomo nimweleze, nikaona sijui nianzie wapi.

Haitham alifika saa tano kwa vespa, akamkuta mwenzake anapanda kilima na ndoo, macho mekundu kwa chumvi ya jasho.

"Yakhe, umechanganyikiwa?"

"Nimechanganyikiwa tangu Jumatano," Ridhwan alimjibu bila ya kusimama. "Nipishe njia."

Maji yenyewe yalimiminwa kwenye pipa la bluu nyuma ya nyumba. Hayakufaa kunywa wala kupikia. Yakijaa, Bi Muzdalifa aliyateka kwa kopo akamwagia minazi yake michanga miwili, akamwangalia Ridhwan, akamwambia arudi kisimani.

Jumapili nilikwenda tena, na nnakiri mhariri hakunituma. Alikuwa ameshajifunza. Ndoo ilikuwa inakaa kichwani, mkono mmoja unaishika, mwingine unaning'inia. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja. Tulipumzika kidogo baada ya safari ya nne, akanieleza mpango wake.

Kampuni imemkubalia nguzo moja kuukuu iliyoko uani mwa ofisi. Wataisimamisha, wataipitishia umeme mdogo, na watangoja asubuhi yenye manyunyu. Siku ya kwanza wataweka kiota peke yake. Siku ya pili tiara peke yake, nyingine kama namba 63, karatasi ileile, utepe uleule. Siku ya tatu vyote viwili. Bwana Abrahman mwenyewe atakuwepo na miwani yake.

"Yakitoka matokeo kwamba ni tiara, kibali wakichukue, na mie sitotia tena utepe kwenye tiara," alisema. "Yakitoka ni kunguru, nitarudi kazini." Akajikanda shingo. "Lakini nnaogopa jambo moja. Nnaogopa wakifanya siku tatu zote na pasitokee kitu."

Nikamwuliza akirudishiwa kibali ataendelea kurusha. Akasema anataka kuendelea, anataka kwa moyo wake wote, lakini kila akishika mwanzi anaona ndoo. Nikamwuliza kama hilo litaisha. Akasema hilo nalo hajui, na akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki nzima.

Safari ya tano ilipokwisha, alimimina maji ndani ya pipa, akasimama mbele ya Bi Muzdalifa aliyekuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi, akikuna nazi. Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Bi Muzdalifa," alisema, "nikuulize. Wewe kwa fikira yako, ni tiara au ni kunguru?"

Bi Muzdalifa aliacha kukuna. Alimtazama, na mara hii hakukuwa na hasira usoni mwake.

"Mie sijui, mwanangu," alisema. "Mie nilikuwa sina maji."

Akaiokota kata iliyoanguka chini, akaikung'uta mchanga, akampa.

"Imebaki safari moja."